Hakijafa, Kimeziba



Nilipokwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, nilimkuta baba yangu mdogo amekaa barazani peke yake. Kifaa chake cha kusaidia kusikia alikuwa amekifungia sandukuni. "Kimekufa," aliniambia. Na kumfikia fundi ni kuvuka bahari mpaka Nyamisati, kisha gari mpaka Dar es Salaam.

Nilikitazama. Tundu la kutolea sauti lilikuwa limezibwa na nta ya sikio, na ndani ya mpira wake mwembamba mlikuwa na matone ya maji. Huko pwani, jasho na hewa ya chumvi ndio maadui wake wakubwa.

Basi tufanyeje? Kila jioni kipanguse kwa kitambaa kikavu. Kipande kinachoingia sikioni, kama kinachomoka, kioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Chombo chenyewe kisiguse maji, wala kisianikwe juani. Usiku fungua kijumba cha betri, ukiweke ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Betri zake nyingi hufanya kazi kwa hewa. Ukibandua karatasi yake inaanza kuisha, hata usipoitumia. Kwa hiyo usibandue mapema; na ukibandua, ngoja dakika moja ndipo uiweke.

Kikipiga mluzi, huenda hakikukaa vizuri, au nta imejaa sikioni. Nta hiyo ni kazi ya daktari, si ya njiti ya kiberiti.

Jioni ile baba mdogo alisikia adhana. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba makubazi yake.

Tusiyafungie masikio ya wazee wetu sandukuni.