Tochi ya dharura garini: Betri kwanza, mwanga baadaye

DEREVA anayeondoka Mwanza saa kumi jioni kwenda Nyakato, mjini Musoma, hawezi kulikwepa giza. Mji huo uko chini ya digrii mbili kusini mwa Ikweta, jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima na machweo hayachukui muda mrefu. Akiwa na bahati atakuwa amefika Bunda. Akipata pancha kabla ya hapo, kati ya Lamadi na Bunda, atakuwa ameegesha mahali ambapo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inaikaribia barabara, na kabla ya kufungua mlango atataka kujua kuna nini vichakani.

Hapo ndipo wengi hutoa simu. Desturi hiyo ilianza mwaka 2003, ilipotoka Nokia 1100 iliyokuwa na kijitochi kichwani, simu iliyouzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Tatizo ni kwamba simu ndiyo chombo pekee cha kumwita fundi au ndugu. Kuitumia nusu saa kumulika nati za gurudumu, huku imeshikwa kwa mkono ambao ungeshika spana, ni kuimaliza chaji wakati inapohitajika zaidi. Njiti ya kiberiti na kibatari havistahili hata kufikiriwa. Betri ya gari hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na mvuke wa petroli hushika moto ukiwa mbali na pale ulipovujia. Taifa halijasahau moto wa lori la mafuta mjini Morogoro, Agosti 10, 2019, uliogharimu maisha ya watu zaidi ya 100.

Kwa hiyo tochi inahitajika. Swali ni tochi ipi, na wanunuzi wengi hukosea kwa kuanza na mwanga. Dukani huiwasha, huielekeza ukutani, wakaridhika. Lakini tochi ya garini ina kazi isiyo ya kawaida: hukaa bila kuguswa miezi mingi ndani ya joto kali, kisha hutakiwa kuwaka mara moja, usiku mmoja usiojulikana. Jambo la kwanza kuuliza ni betri.

Zile tochi za kuchaji za bei nafuu, zenye plagi ya kuchomoza nyuma, nyingi hubeba ndani betri ndogo ya risasi na asidi, ndugu ya betri ya gari lenyewe. Betri ya aina hiyo haipendi kuachwa tupu. Chaji hupungua yenyewe polepole, na ikikaa hivyo kwa miezi, chumvi ya risasi huganda kwenye sahani zake na haichajiki tena. Nyumbani, ambako huchomekwa kila wiki, inafaa sana. Kwenye buti la gari itakufa kimyakimya.

Betri kavu za kawaida, zikiwemo zile kubwa ambazo kila duka la mtaani linazo, zina faida ya kupatikana popote, kuanzia Bweri hadi Sirari. Ubaya wake ni kuvuja. Betri ya alkali iliyosahaulika ndani ya tochi hutoa kemikali inayokula chuma na springi, na joto huharakisha jambo hilo. Gari lililoegeshwa juani na vioo vikiwa vimefungwa huweza kupata joto la zaidi ya nyuzi 50 za Sentigredi, na juu ya dashibodi huzidi 70. Dawa yake ni rahisi: betri zikae nje ya tochi, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa pamoja nayo, au moja igeuzwe kinyume ili umeme usipite. Hata hivyo, anayechagua njia hii ajizoeze kuzirudisha akiwa amefumba macho, maana ndivyo atakavyozirudisha siku hiyo.

Betri za lithiamu zisizochajiwa, za ukubwa wa AA, ndizo zinazofaa zaidi. Watengenezaji huzihesabia miaka 10 hadi 20 ya kukaa stoo, huvumilia joto hadi nyuzi 60 na ni nadra kuvuja. Bei yake ni mara kadhaa ya betri ya kawaida na hazipatikani kila duka, lakini jozi moja huishi kuliko jozi nyingi za bei rahisi. Betri za lithiamu za kuchaji, kama zilizo ndani ya simu, huzeeka haraka kwenye joto. Anayezitumia azichaji kila baada ya miezi mitatu na asiziache kamwe juu ya dashibodi.

Swichi nayo ni sehemu ya suala la betri. Kitufe laini cha kielektroniki hunyonya umeme kidogo hata tochi ikiwa imezimwa, ilhali swichi ya kubofya inayotoa mlio hukata umeme kabisa. Kwa chombo cha kukaa mwaka mzima bila kazi, ya pili ni bora.

Kuhusu mwanga, balbu za LED zimerahisisha mambo. Wanasayansi watatu wa Kijapani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu iliyowezesha mwanga mweupe. Balbu hizi hazina waya wa kukatika tochi inapoanguka, nazo hutumia umeme mdogo. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Kubadili tairi kunahitaji 100 tu au hata pungufu. 200 hadi 300 zinatosha kuangaza kando ya barabara. Maboksi yanayotangaza maelfu ya lumeni kwa tochi ya bei ya soda chache yachukuliwe kama matangazo tu. Anayekuta alama ya ANSI FL1 ajue kwamba muda wa kuwaka ulioandikwa huhesabiwa hadi mwanga unapobaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo, na umbali huhesabiwa hadi mahali mwanga unapofanana na wa mbalamwezi. Saa 20 za boksi si saa 20 za mwanga mkali.

Wenye utaalamu wa kazi hii Mara si wauza tochi bali wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama. Mchimbaji huvaa taa kichwani ili mikono yote miwili ifanye kazi, na mwanga hufuata macho. Dereva aliyeinama na jeki ana shida ileile. Taa ya kichwani ya kawaida humsaidia kuliko tochi ndefu ya mlinzi. Ile yenye sumaku nayo inafaa, ingawa sumaku hainati kwenye bampa la plastiki wala mwili wa alumini.

Kinga ya maji husomeka kwa alama: IPX4 huvumilia mvua, IPX7 huvumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Kwa masika ya Musoma, ya kwanza inatosha.

Tochi hata hivyo haichukui nafasi ya pembetatu za kuakisi mwanga. Tangu mwaka 2023, Serikali ilipoyaruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, mabasi hupita saa ambazo zamani barabara kuu zilikuwa za malori, na gari lililosimama gizani ni hatari kwa anayekuja nyuma. Pembetatu ziwekwe kwanza, na tochi ielekezwe chini, si machoni mwa dereva anayekuja.

Mahali pa kuihifadhi ni kwenye droo ya mbele au chini ya kiti, ambapo dereva anaifikia bila kushuka, si kwenye buti chini ya magunia. Na familia iambiwe kuwa ni ya gari. Tochi nyingi za garini huondoka siku umeme unapokatika nyumbani, na hazirudi.