Fahamu: Kwa nini kazi ya kundi mtandaoni inahitaji waraka mmoja

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, anaweza kuishi Magole wilayani Kilosa na kuandika kazi moja na wenzake walioko Mtwara na Mwanza. Utaratibu uliozoeleka ni kugawana vipande kwa WhatsApp, kisha mtu mmoja akaviunga usiku wa mwisho. Matokeo huonekana: istilahi zinagongana, hoja inajirudia, na mwalimu hajui nani alifanya nini. Waraka wa pamoja, kama wa Google Docs, hutibu hayo kwa kuwa wote huandika mahali pamoja, na kwa kuhifadhi historia ya mabadiliko. Kilichofutwa kimakosa hurudishwa, na mchango wa kila mtu hujulikana.

Wapo watakaosema bando ni ghali na mtandao vijijini hukatika. Pingamizi hilo ni zito. Lakini waraka huo huweza kuandaliwa mapema ufunguke bila intaneti, mabadiliko yakapanda mtandao unaporudi, na maandishi matupu hula data kidogo mno kuliko kikao cha video. Linalobaki ni makubaliano: mhariri mmoja, tarehe ya mwisho iliyowekwa na kundi lenyewe, na ruhusa ya kurekebisha aya ya mwenzako. Hili la mwisho ndilo gumu, maana heshima hutufanya tuliache kosa la aliyetuzidi umri kama lilivyo.