Anayeanza Kroshia Aanze na Uzi Mnene
Wengi huanza kroshia kwa uzi mwembamba wa vitambaa vya makochi, na hapo ndipo wanapokata tamaa. Anayejifunza anahitaji kukiona kitanzi anachopitishia sindano. Uzi mnene wa rangi nyepesi, na sindano ya milimita 5, humwonyesha kila kitanzi, ilhali uzi mweusi huficha makosa. Watu husema uzi mnene ni ghali. Sawa, lakini kroshia hufumuka: ukivuta ncha, kazi yote inarudi kuwa uzi, unaanza upya na uzi uleule. Anayejifunza ahesabu vitanzi kila amalizapo mstari, maana kitambaa kikipungua upana bila kukusudia, mara nyingi kitanzi cha pembeni kimerukwa. Vitambaa vya makochi vitafuata mkono ukishazoea kutokaza uzi.