Chasisi juu ya keria: Mzigo unaohitaji hesabu kabla ya kamba

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MKOANI Katavi si ajabu kuona gari dogo limebeba juu ya paa mzigo unaolizidi kimo. Magodoro, mabati, vitanda vya chuma, baiskeli na magunia ya mkaa husafirishwa hivyo kila siku. Wapo pia wanaothubutu kupakia chasisi nzima, ama ya guta lililovunjwa kwa ajili ya matengenezo, ama fremu mpya iliyochomelewa na fundi, ikisubiri kuvishwa injini na magurudumu huko iendako.

Mzigo wa namna hiyo huwahadaa wengi. Chasisi tupu ni mifupa mitupu ya chuma. Haina bodi, haina viti, upepo unapita katikati yake, na watu watatu au wanne huinyanyua bila taabu kubwa. Ndiyo maana mwenye nayo huona kukodi lori ni kupoteza fedha, ilhali jirani ana Probox yenye keria.

Kosa la hesabu huanzia hapo.

Nje ya nchi, jambo hili lina historia ndefu. Uingereza ilikuwa na desturi ya kuuza magari katika vipande, mnunuzi akayaunganisha mwenyewe nyumbani. Gari maarufu zaidi la aina hiyo, Lotus Seven, lilitolewa mwaka 1957, na wengi walilinunua likiwa vipande kwa kuwa namna hiyo ya ununuzi iliwaepusha na kodi ya mauzo iliyotozwa kwa gari zima. Nafuu hiyo ilikoma mwaka 1973, mfumo wa kodi ulipobadilishwa, lakini mapenzi ya kujiundia gari hayakukoma. Hadi leo mashabiki wa kazi hiyo huchomelea fremu za skwea paipu nyembamba katika gereji zao, kisha huumiza vichwa namna ya kuzifikisha kwa mpaka rangi au kwa fundi wa injini.

Mpanda haina soko la magari ya michezo. Hata hivyo, kazi yenyewe si ngeni. Pikipiki na maguta mengi huingia nchini yakiwa vipande ndani ya makasha na kuunganishwa na mafundi wa hapa hapa. Nao wachomeleaji wa mitaani hutengeneza fremu za matela na mabodi ya maguta kwa chuma kile kile cha skwea paipu. Tofauti ni jina tu; tatizo la kuisafirisha fremu ni moja.

Paa hubeba kiasi gani?

Paa la gari dogo la abiria limeundwa kuzuia mvua na jua, na kumlinda aliye ndani endapo gari litapinduka. Halikuundwa kuwa sakafu ya mizigo. Kwa magari mengi madogo, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na watengenezaji huwa kati ya kilo 50 na 100. Kiwango hicho huandikwa katika kitabu cha gari, ingawa magari mengi yaliyonunuliwa yakiwa yametumika huko Japani huja na kitabu cha Kijapani, au huja bila kitabu kabisa.

Tuchukue mfano wa gari lenye kiwango cha kilo 75. Wengi husahau kwamba uzito wa keria yenyewe umo ndani ya kiwango hicho. Keria ya chuma iliyochomelewa mtaani inaweza kufikia kilo 25 bila shida. Kwa hiyo zimebaki 50. Na hizo 50 ni za barabara ya lami. Katika barabara ya vumbi yenye mashimo na makorongo, mzigo hurushwa juu na kurudi kwa kishindo, na kwa muda mfupi paa hubeba zaidi ya uzito halisi wa kitu kilichopakiwa. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watengenezaji wa keria hushauri kiwango kigawanywe kwa moja na nusu mara gari linapoacha lami. Kilo 75 huwa 50. Ukitoa keria, zimebaki 25 tu.

Chasisi ya kilo 80 haina nafasi katika hesabu hiyo, hata ikifungwa kwa kamba mia.

Habari ni tofauti kwa magari ya kizamani ya kazi, kama Land Cruiser na Land Rover zenye mfereji wa mvua pembeni mwa paa. Keria zao hukaa juu ya mfereji huo kwa miguu mingi, na uzito huenda moja kwa moja kwenye kuta za gari badala ya bati jembamba la katikati. Keria nzuri ya aina hiyo huweza kuidhinishwa kwa kilo 150 au zaidi. Ni kwa gari la namna hii pekee ambapo mazungumzo ya kupakia chasisi nzima yana maana.

Barabara za Katavi na tabia zake

Mpanda ni mji wa safari ndefu. Upande wa kusini kuna Sumbawanga, upande wa mashariki Tabora kupitia Koga na Sikonge, upande wa magharibi Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na upande wa kaskazini Uvinza na Kigoma. Lami imefika mbali kuliko ilivyokuwa Katavi ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, lakini njia za kwenda vijijini bado ni za vumbi, na masika huzigeuza tope.

Lami nayo ina hatari yake, kwani humpa dereva mwendo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Gari likitoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ya upepo inayosukuma mzigo huwa mara nne, na siyo mara mbili. Aidha, uzito ulioinuliwa juu ya paa hupandisha kitovu cha uzito wa gari zima, hivyo kona iliyozoeleka huanza kulilaza gari.

Kisha kuna wanyama. Barabara ya kwenda Sumbawanga, baada ya Sitalike, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Twiga, nyati na tembo huvuka barabara bila kumjali dereva, na breki za ghafla ni jambo la kutarajiwa. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa ufungaji mizigo ni kwamba kamba zote kwa pamoja ziweze kuzuia uzito wote wa mzigo usiende mbele, na nusu ya uzito huo usiende pembeni wala nyuma. Kwa chasisi ya kilo 80, maana yake ni kilo 80 kwenda mbele na 40 kila upande mwingine. Mafungo mengi yanayoonekana barabarani huuzuia mzigo usiruke juu tu; ukitaka kuteleza mbele, hakuna cha kuuzuia.

Inafaa kufikiri kitatokea nini ukiteleza. Chuma cha kilo 80 kinachochomoka kutoka kwenye gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa kina nguvu sawa na kilichoachiwa kutoka urefu wa mita 25, yaani kimo cha ghorofa ya nane. Anayekutana nacho mara nyingi ni mwendesha bodaboda au mtembea kwa miguu, ambaye hakushiriki katika uamuzi wa kuokoa nauli ya lori.

Namna ya kufunga

Kifungio kinachopendwa zaidi nchini ni ukanda wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya gurudumu. Ni rahisi, haukwaruzi, na hushika vizuri magunia. Lakini mpira huvutika, na kwa sababu hiyo haufai kuwa kifungio kikuu cha chuma kizito: kila tuta huupa mzigo nafasi ya kucheza. Kamba ya manila ni afadhali, ingawa mafundo yake hulegea safarini. Kinachofaa zaidi ni mikanda ya kufungia mizigo yenye kikazio cha chuma, kama ile ya madereva wa malori, ambayo huonyesha pia uzito inaoweza kuhimili.

Chasisi yenyewe ilazwe juu ya vipande viwili au vitatu vya mbao vilivyokatiza keria, huku mbao zikikaa chini ya viungo, yaani pale paipu zinapokutana, si katikati ya paipu ndefu. Paipu nyembamba ikikandamizwa katikati kwa mkanda uliokazwa sana hupinda. Vipande vya tairi kuukuu kati ya mbao na chuma huzuia mteremko.

Baada ya mikanda ya kukatiza, hufuata ile ambayo wengi huiacha: miwili ya mbele inayoshuka kwa umbo la V hadi kwenye ndoano za kuvutia gari, na miwili ya nyuma vivyo hivyo. Hiyo ndiyo inayozuia mzigo kumfuata dereva anapofunga breki. Aidha, keria ikikatika miguu yote, mikanda hiyo bado inaishikilia chasisi kwenye gari. Mwisho unaochomoza nyuma hufungwa kitambaa chekundu mchana, na usiku huhitaji taa, ijapokuwa busara ni kutosafiri na mzigo huo usiku kabisa.

Mikanda hulegea baada ya kilomita chache, mzigo unapojipanga, hivyo ni lazima kusimama na kuikaza upya. Anayeelekea Sumbawanga afanye hivyo Sitalike kabla ya kuingia hifadhini. Ndani ya hifadhi kushuka kwenye gari hakuruhusiwi, na hata kama kungeruhusiwa, mbung'o wa Katavi hawampi mtu dakika tano za kukaza mkanda.

Mizani haitamkamata

Wengi hudhani kwamba kama gari lingekuwa limezidisha uzito, mizani ingesema. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, inahusu magari yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500. Gari dogo hupita kando ya mizani. Linalobaki ni macho ya askari wa usalama barabarani, naye huanza kuuliza jambo jingine: chasisi hii ni ya nani? Chasisi yenye namba ni utambulisho wa chombo cha moto, na anayeibeba bila kadi au hati ya mauziano hujitafutia maelezo marefu kituoni.

Njia mbadala zipo. Malori yanayotoka kuchukua mpunga na mahindi Katavi mara nyingi huja matupu, na dereva hukubali mzigo wa njiani kwa bei ya maelewano. Reli ya Mpanda hadi Kaliua, iliyojengwa enzi za mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba, huiunganisha Mpanda na Reli ya Kati, na fremu ya mita tatu ndani ya behewa haisumbuliwi na upepo wala twiga.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, kazi ya futi ya kupimia huja mara mbili. Kabla ya safari, chasisi hupimwa kona kwa kona, kushoto mbele hadi kulia nyuma, kisha kulia mbele hadi kushoto nyuma, na vipimo vyote viwili huandikwa kwa chaki kwenye chuma chenyewe. Ikifika, hupimwa tena kabla ya kufungwa bolti hata moja. Vipimo vikitofautiana na vile vya chaki, fremu imepinda njiani, na fundi atakayeendelea kuijenga atakuwa anaunda gari litakalovuta upande mmoja na kula matairi.