Mizani na Mapigo: Arudhi Kama Msingi wa Kujifunza Uchanganyaji wa Muziki wa Densi

Katika maeneo ya bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, muziki wa densi husikika arusini, katika matatu na kwenye kumbi za starehe. Kijana anayetaka kuufanya udijei kuwa riziki hukabiliwa na kikwazo cha lugha, kwa kuwa maelezo mengi ya stadi hiyo yameandikwa kwa Kiingereza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana zake za msingi zimo tayari katika arudhi ya Kiswahili.

Kuchanganya ni kuunganisha nyimbo mbili pasipo wachezaji kukatizwa. Sharti la kwanza ni kasi, ambayo hupimwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Muziki wa haus, ulioibuka Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980, aghalabu huwa na mapigo kati ya 120 na 130. Tuseme wimbo unaochezwa una mapigo 128 nao unaofuata una 124. Ukiachwa ulivyo, wa pili utabaki nyuma kwa mapigo 4 kila dakika, na ngoma zitagongana. Kwa hivyo dijei huuongezea kasi kwa takriban asilimia 3.2, huku akiusikiliza kwa hedifoni kabla hadhira haijausikia. Hata tofauti ya pigo 1 ni kubwa: baada ya sekunde 30, ngoma moja itaangukia katikati ya mapigo ya nyingine. Programu za tarakilishi huweza kulinganisha kasi zenyewe, ila hukosea hesabu katika nyimbo ambazo kasi yake hupanda na kushuka.

Sharti la pili ni mpangilio, na hapa ndipo ushairi unapofaa zaidi. Tarbia ya kawaida, ambayo Muyaka bin Haji wa Mombasa (takriban 1776–1840) anasifika kwayo, ina mishororo 4 ya mizani 16, ukwapi 8 na utao 8. Ubeti mzima una mizani 64. Haus nayo hujengwa kwa mapigo manne manne, yanayokusanyika kuwa mafungu ya 16, 32 na 64. Mabadiliko makubwa, kama vile kuingia kwa mwimbaji au kunyamaza kwa besi, huja fungu linapokamilika. Kwa kasi ya 128, mapigo 64 huchukua sekunde 30 kamili. Kuingiza wimbo katikati ya fungu ni sawa na kuanza ubeti kabla ya uliotangulia kufika kituoni. Bila shaka silabi si pigo. Hata hivyo, zoezi ni lilelile la kuhesabu bila kupotea na kukitambua kituo.

Sharti la tatu ni sauti. Besi mbili zikisikika pamoja huzaa mvumo usioeleweka. Hivyo basi, moja hupunguzwa kabla ya nyingine kupandishwa.

Mtihani wa dijei wa pwani ni chakacha. Pigo lake hugawika kwa tatu, ilhali la haus hugawika kwa mbili. Dijei stadi hulinganisha mapigo makuu pekee, kisha huvuka upesi, hasa pasipo na uimbaji.

Ni dhahiri kwamba pigo, fungu na kituo ni istilahi zinazotosha kuanzia somo hili. Dijei aliyeajiriwa arusini hana nafasi ya pili ukumbi ukishapoa. Ni jukumu la wanafunzi wa Kiswahili kuwasikiliza mafundi hawa, kukusanya msamiati wao na kuusanifisha, ili ufundi huu ufundishike kwa lugha ya wanaouishi.