Fahamu: Njia ya kuwa mwalimu wa Somo la Jamii nchini Kenya

Tangu Gredi ya 7 ianze Januari 2023, Somo la Jamii limekuwa la lazima katika sekondari msingi. Ndani yake mna historia, jiografia na uraia. Je, anayelifundisha hufuzu vipi?

Shule ya msingi
Anayetaka kufundisha Gredi ya 4 hadi 6 husomea stashahada ya ualimu kwa miaka mitatu. Kozi hii ilianza 2021 na kuchukua nafasi ya cheti cha ualimu cha P1 kilichozoeleka. Hapa mwalimu huandaliwa kufundisha masomo mengi, Somo la Jamii likiwa mojawapo.

Sekondari msingi
Wengi hupitia shahada ya ualimu, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne. Mwanafunzi huchagua masomo mawili ya kufundisha. Historia na jiografia ni jozi inayolingana vyema na somo hili. Chuo hakitoshi, kwani sharti pia aende shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, asimame mbele ya darasa na kukaguliwa.

Usajili
Cheti cha chuo peke yake hakimruhusu mtu kufundisha. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ya 2012 inamtaka kila mwalimu asajiliwe na tume hiyo. Miongoni mwa stakabadhi zinazohitajika ni cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi.

Hata hivyo, kusajiliwa si kuajiriwa. Nambari ya TSC hufungua mlango tu. Nafasi zikitangazwa, kila mmoja huomba upya.