Nguo Zenye Majina

Goweko ni kituo cha Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake bidhaa zilipita Unyamwezi mabegani mwa wapagazi, na nguo ilikuwa bidhaa na fedha pia. Asiyeyafahamu majina ya nguo hizo hawezi kusoma habari za misafara bila kukosea hesabu.

Merikani ilikuwa nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Marekani na Sayyid Said walipatana mkataba wa biashara mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 hadi 1865, viliipunguza sana, na nguo za Uingereza na Bombay zikashika nafasi yake. Jina halikuondoka: hata iliyofumwa Bombay iliitwa merikani.

Merikani na kaniki zilikuwa nguo za watu wote. Watemi na wakubwa walitaka nyingine, na Burton, aliyefika Kaze mwaka 1857, aeleza kwamba hizo ziliitwa nguo zenye majina: debwani, sahari, barsati na kadhalika. Lakini je, merikani haina jina? Yaelekea kwamba jina hapa ni sifa, kama tusemavyo mtu mwenye jina. Debwani ilifungwa kilemba, na neno kilemba lenyewe likapanuka hata likawa ada apewayo fundi mwanafunzi wake ahitimupo. Kwa kanzu ya heshima palikuwa na melimeli na bafta. Bafta ni neno la Kiajemi, maana yake iliyofumwa. Nayo hukatwa sanda pia.

Neno lenye hatari kuliko yote ni doti. Nguo ilipimwa kwa mkono, toka kisigino cha mkono hata ncha ya kidole cha kati: shuka mikono 4, doti mikono 8. (Mnunuzi mwenye akili alikuwa na sababu ya kumtafuta mpimaji mrefu.) Siku hizi doti ni kanga mbili zisizokatwa; uwili wa shuka umebaki, mikono imesahauliwa. Mwanafunzi asomaye kwamba mtemi fulani alitoza hongo ya doti 10 katika miaka ya 1850, akafikiri kanga, amekosa nguo na wakati pia, kwani kanga zilikuwa hazijatokea. Zilizotolewa ni shuka 20, yaani mikono 80 ya nguo.